Siku Mama Mkwe Alipokata Kamba

Mama mkwe wangu, Zuurakan, alizaliwa akiliona ziwa, akaolewa akiliona ziwa, akazeeka akiliona ziwa, na hakuwahi kupanda chombo cha majini hata mara moja. "Ziwa ni la kutazamwa," alikuwa akisema. "Anayetaka kuingia, angezaliwa samaki." Watu wa rika lake huku kusini mwa Issyk-Kul wengi wako hivyo. Walikuwa wafugaji. Kiangazi kizima wako milimani na farasi na kondoo wao, na ziwa walilijua kutoka juu, kwa rangi yake tu.

Kwa hiyo shemeji yangu Sagynbek alipotangaza kwamba mama yake akitimiza miaka sabini sherehe itafanyika majini, sisi nyumbani tulitazamana. Sagynbek ndiye mkubwa. Anakaa mjini, anauza matairi, na mwaka ule alikuwa amejinunulia boti ya bati yenye injini, akaipaka rangi ya buluu, akawa haongei jambo lingine. Mume wangu Temirkul ni kitinda mimba, na kwa desturi yetu kitinda mimba hubaki na wazazi. Ndiyo maana mimi nimeishi na mama mkwe chini ya paa moja tangu nilipoolewa, nikamjua kuliko wanawe wote wanavyomjua. Nilidhani atakataa. Akasema, "Sawa. Nimechoka kuulizwa na wajukuu maji yale yakoje."

Sasa niwaambie habari za binti yangu, maana bila yeye hakuna hadithi.

Kanyshai alipata homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka miwili. Akapona yeye, masikio hayakupona. Alipofika umri wa shule tulimpeleka Bishkek kwenye shule ya bweni ya viziwi, na kila likizo akarudi na maneno mapya mikononi. Mimi nilijifunza kwake, jioni kwa jioni, nikikanda unga huku nikimtazama. Temirkul naye akajifunza, ingawa anaendesha katapila la barabara na vidole vyake ni vinene kama viazi. Kanyshai humwambia anaongea kama mtu mwenye uji mdomoni. Binti yangu si malaika. Ana ulimi mkali kuliko wengi wenye ulimi, na kila mtu kwetu amempa jina lake la mikono. La baba yake mkubwa Sagynbek ni kitambi.

Mama mkwe hakutaka kujifunza. Si kwamba hakumpenda mjukuu wake. Kipande kizuri cha nyama kilikuwa cha Kanyshai siku zote. Lakini harusini au msibani, sisi tukianza kuongea kwa mikono, angeivuta ile mikono ya mtoto, ailaze mapajani mwake na kuifunika kwa yake, taratibu, kama mtu aliyeshika vifaranga wawili. "Watu wanatazama," angesema. Na mimi ningenyamaza, maana mkwe ni mkwe.

Basi. Jumapili moja ya mwezi wa saba, wakati matunda ya aprikoti yanapoiva, tukashuka ufukweni. Tulikuwa saba: Sagynbek na mkewe Chynara na binti yao mdogo Ainazik wa miaka mitano, mama mkwe, mimi, Temirkul na Kanyshai. Boti haikututosha sisi na sufuria, na samovari ya kuchemshia chai, na kondoo aliyekwisha kukatwakatwa, na ndoo ya aprikoti, na maandazi niliyokaanga tangu alfajiri. Sagynbek akaazima mashua ya makasia kwa jirani, akaifunga kamba nyuma ya boti.

"Mdogo wangu, we kaa huko na mizigo," akamwambia Temirkul. "Ndiko ulikozoea."

"Mzigo haupigi kelele," Temirkul akajibu, akaingia. Kanyshai akamfuata, kwa sababu alisema kwenye boti kutakuwa na moshi wa injini na maneno mengi ya Kitambi. Hayo ya mwisho sikuyatafsiri.

Jaketi za kuelea zilikuwa chache. Ainazik akavishwa moja. Mama mkwe akakataa yake katakata, akasema yeye si tikiti la kufungwa kwenye gunia, akairushia mashua ya nyuma, na Kanyshai akaivaa.

Siwezi kusema asubuhi ile ilikuwa na kasoro. Ziwa lilikuwa limetulia, milima ya ng'ambo yenye theluji ikielea juu ya maji bila miguu. Tukaenda upande wa mashariki hadi kwenye kighuba kidogo, tukapika, tukala, Sagynbek akasimama na kutoa hotuba ndefu kuhusu mama yake hadi mafuta ya nyama yakaganda sahanini. Mama mkwe akavua viatu, akakunja gauni, akasimama majini hadi kifundo cha mguu. Alisimama muda mrefu tu, akitazama vidole vyake vya miguu chini ya maji kana kwamba ni vya mtu mwingine.

Wa kwanza kuuona upepo alikuwa Temirkul. Kule magharibi, mahali ziwa linapoishia kwenye korongo, palikuwa na mstari mweupe mwembamba. Upepo ule una jina, Ulan, na kila mtu huku analijua jina hilo.

"Kaka, tulale hapa," akasema. "Au tupande barabarani, magari yapo."

"Boti niiache?" Sagynbek akasema. "Kesho nafungua duka. Na injini hii ina nguvu za farasi ishirini na tano."

"Farasi mmoja wa kweli angegoma kutoka," mama mkwe akasema. Lakini mwana alikuwa amefanya sherehe kubwa kwa ajili yake, na hakutaka kumvunja moyo. Tukapakia.

Tulipotoka nje ya ghuba maji yalikuwa bado yanacheza tu. Tulipofika katikati ya ghuba yetu na rasi moja ya mwamba mwekundu iliyo njiani kurudi, Ulan akatukuta uso kwa uso. Sijui nieleze vipi. Kwanza sauti ya injini ilipotea, ingawa injini ilikuwa inaendelea. Kisha ziwa likawa na vilima. Omo ya boti, ile pua ya mbele, ilipanda, ikaanguka, ikapanda tena, na maji yakatupiga usoni kama mtu anayemwaga ndoo. Chynara alimkumbatia mtoto chini kabisa kwenye sakafu. Mama mkwe alishika ukingo wa boti kwa mikono miwili na kufunga macho.

Mimi nilikuwa nimeketi nikitazama nyuma. Sikuzote ninakaa hivyo. Mwenye mtoto asiyesikia hujifunza kukaa mahali anapomwona, maana ukimpa kisogo umemfungia mlango. Wengine wote kwenye boti walitazama mbele, kule mawimbi yalikotoka. Kwa hiyo mimi peke yangu nilimwona Kanyshai akisimama kwa magoti kwenye mashua, akijishikilia kwa mkono mmoja na kuongea nami kwa mwingine.

"Boti yenu," alisema. "Nyuma. Inazama."

Nikatazama chini. Maji yalikuwa yamefika juu ya vifundo vyangu, na mimi nilidhani ni yale yaliyorushwa kutoka mbele. Nikainua macho kutazama tezi, pale injini ilipofungwa. Kila omo ilipopanda wimbi, ile mashua nzito nyuma yetu iliikaza kamba, kamba ikaivuta tezi chini, na ziwa likaingia kimyakimya, ulimi mpana wa maji, bila kishindo chochote. Sagynbek alikuwa amesimama hapohapo karibu na usukani na hakuona, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye wimbi linalofuata.

"Sisi ndio tunawazamisha," Kanyshai alisema. "Kateni kamba."

Nikamwambia arudie. Nilikuwa nimeelewa.

"Umeelewa, Mama," akasema. "Kata. Sasa."

Nyuma yake Temirkul aliyaweka makasia magotini ili aipate mikono yake. Akaongea kwa ule uji wake: "Mtoto yuko sahihi. Kata. Usiogope."

Wapo watu walioniuliza baadaye nilijisikiaje. Nilijisikia kama mtu aliyepewa kikombe akaambiwa anywe. Ningeweza kunyamaza, hakuna mwingine mle botini aliyejua lugha ile. Lakini yale hayakuwa maneno yangu. Yalikuwa ya Kanyshai, na tangu alipokuwa mdogo nilimwahidi kwamba atakalosema nitalisema kama lilivyo.

Nikamshika Sagynbek bega, nikamfokea sikioni: "Kanyshai anasema tunazama kwa nyuma kwa sababu ya kamba. Anasema tuikate."

Akatazama nyuma, akayaona maji. Rangi ikamtoka. "Siwezi," akasema. "Siwezi kumwacha mdogo wangu majini kama gunia. Kumbeni maji."

Tulikumba, mimi na Chynara, yeye kwa bakuli na mimi kwa ndoo ya aprikoti niliyoimwaga ziwani. Tulichotoa kilirudi mara mbili.

Ndipo mama mkwe akafungua macho. "Anasema nini?" akaniuliza. "Msichana. Si maneno yako wala ya huyu. Neno kwa neno."

Nikamwambia neno kwa neno.

"Muulize wao watakwenda wapi."

Nikauliza. Kanyshai alijibu haraka, na mimi nikamtafsiria bibi yake huku mkono ule ukiendelea: "Tutaupa upepo mgongo. Mashua ni nyepesi, tuna makasia, upepo utatupeleka kando ya ufuko huuhuu. Nyie mna mtoto. Kitambi akiwa hana mzigo anaweza kufika nyuma ya mwamba mwekundu. Akiwa nao hawezi. Mwambie Bibi."

Niliposema "Mwambie Bibi," mama mkwe alimtazama mjukuu wake, mvua ya mawimbi ikimpiga kisogoni. Kisha akaingiza mkono kwenye mkoba wake, akatoa kisu chake cha nyama kilichofungwa kwenye kitambaa.

"Mama, acha," Sagynbek alisema. "Mama, nakuomba."

"Wewe shika usukani," akamwambia. "Hiyo ndiyo kazi yako. Hii ni yangu."

Alitambaa hadi nyuma, mwanamke wa miaka sabini ambaye hakuwahi kupanda chombo, akalala kifudifudi juu ya kile kibao cha tezi, nami nikamshika miguu. Kamba ilikuwa imekaza kama chuma. Alisubiri wimbi, kamba ikalegea kidogo, akakata; wimbi la pili akakata tena; la tatu kamba ikapasuka yenyewe na kuruka majini. Boti iliinuka nyuma kama ng'ombe aliyevuliwa nira.

Mashua ilikuwa tayari inageuka. Nilimwona Temirkul akiinamia makasia, na Kanyshai akihamia nyuma na kuchukua kibao cha kukalia kiwe usukani wake. Aliniinulia mkono mara moja tu. "Usinitazame," alisema. "Kumba maji."

Nikakumba maji.

Sagynbek nampa haki yake. Alilia njia nzima, machozi na maji ya ziwa hayakutofautika, lakini usukani hakuuachia. Aliyapanda mawimbi yale kwa upande, moja baada ya jingine, mpaka tukazunguka mwamba mwekundu, na nyuma yake maji yalikuwa tambarare na kimya, kama umeingia chumbani na kufunga mlango. Tulipogusa mchanga Ainazik aliuliza kama tumefika nyumbani.

Simu ya Temirkul iliita bila kupokelewa. Sagynbek akawapigia waokoaji. Walisema wanakuja, lakini walikuwa ng'ambo na upepo ni uleule kwa wote. Mimi sikusubiri mazungumzo yaishe. Nilipanda mteremko hadi barabarani, na niliposikia mtu akihema nyuma yangu nikageuka. Alikuwa mama mkwe.

"Baki na Ainazik," nikamwambia.

"Ainazik ana mama yake," akasema. "Na Kanyshai naye ana bibi."

Lori la kwanza lililopita lilikuwa limejaa makasha ya aprikoti. Dereva wake, mtu mzima aitwaye Orozaly, alituona tulivyolowa, akatufungulia mlango bila kuuliza, na tulipomweleza akakanyaga mafuta. Barabara inafuata ziwa. Pale miti ilipoachana tuliyaona maji, meupe yote, na pale miti ilipofunga tuliona majani tu. Nilihesabu moyoni kila upenyo. Upenyo wa kwanza hapana. Wa pili hapana. Wa tatu mama mkwe akanyoosha kidole, akasema, "Lile jaketi."

Lilikuwa doa la rangi ya machungwa, dogo, likipanda na kuzama. Walikuwa wanaenda na upepo kama Kanyshai alivyosema, karibu na ufuko kuliko nilivyoogopa.

"Wanakwenda vizuri," Orozaly alisema, "lakini huku chini ni mawe matupu. Pako mahali pamoja tu, pale mto unapoingia. Pana mchanga, upana wa uwanja wa nyumba. Wakipakosa, mbele ni genge la mawe hadi mbali sana. Kutoka majini hawawezi kupaona, pana mwamba mbele yake."

Akatuwahisha hadi pale, lori likasimama ukingoni juu ya mdomo wa mto. Tulikuwa tumewatangulia. Orozaly alishuka, akaweka mikono mdomoni, akapiga kelele kwa nguvu zote. Mtu ana kifua kama pipa, na mimi niliyesimama ubavuni pake sikumsikia vizuri. Akaacha, akanitazama kama anayeomba radhi.

Mimi nilikuwa tayari napanda juu ya mizigo ya lori. Nilisimama juu ya makasha, mbingu nyuma yangu. Mama mkwe alikuwa ameshavua kitambaa chake cheupe cha kichwa. Sikuwahi kumwona kichwa wazi nje ya nyumba. Nywele zake zilikuwa chache na za fedha, na upepo ukazisimamisha. Alikipasua kitambaa vipande viwili kwa meno, akanirushia. Nikavifunga kwenye viganja vyangu ili mikono ionekane.

Kwenye mashua, Temirkul alikuwa anapiga kasia kama wapigavyo wote, mgongo ukielekea anakokwenda. Hakuona kitu ila uso wa binti yake. Kanyshai alikuwa amekaa nyuma, kibao kwenye kwapa, na macho yake, ambayo hayajawahi kupitwa na kitu, yalikuwa yanapekua ufuko. Nikainua mikono yote miwili. Mara ya kwanza hakuniona. Mara ya pili akaganda, kisha akainua mkono.

"Mawe," nikasema kwa mikono, kwa ishara kubwa, kutoka begani. "Hapo mbele yako, mawe. Pita nje. Halafu mto. Mchanga. Ngoja neno langu."

"Nangoja," akasema.

"Nionyeshe," sauti ikasema ubavuni pangu. Mama mkwe alikuwa amepanda makasha kwa msaada wa Orozaly. "Mawe ni vipi?"

Nikamwonyesha.

"Na mchanga?"

Nikamwonyesha. Akasimama pembeni yangu, mikono yake iliyokamua farasi na ng'ombe maisha yote ikipiga hewa, akiyarudia niliyoyasema mimi, nusu hatua nyuma yangu, ili Kanyshai asome mikono ya watu wawili badala ya mmoja. Upande wa chini binti yangu aliongea na baba yake kwa mkono mmoja, naye hakuweza kumjibu kwa kuwa mikono ilikuwa kwenye makasia. Alijibu kwa nyusi, kwa kidevu, kwa meno. Hivyo ndivyo tulivyozungumza sisi wanne, kutoka lorini hadi majini, huku upepo ukipiga mayowe na usipate neno hata moja la kututoa mdomoni.

Walipoupita ule mwamba nilisema, "Sasa. Kushoto kwa baba. Kwa nguvu zote."

Akamwambia baba yake. Temirkul alivuta kasia moja mpaka nikaona mwili wake ukiinuka kitini. Mashua ikageuka ubavu kwa mawimbi, na hapo ndipo nilipofumba macho kwa mara ya kwanza siku ile. Nilipoyafumbua walikuwa ndani ya mlango wa mto. Kasia moja lilikuwa limevunjika na samovari inaelea. Wimbi la mwisho likawabeba na kuwamwaga mchangani kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo.

Tulishuka genge lile katikati ya michongoma. Gauni langu nililiacha huko nusu. Temirkul alikuwa amekaa mchangani, viganja vimechubuka vyote, nyusi inavuja damu, anacheka. Mama yake akampiga kofi la begani. Kisha akamkumbatia Kanyshai na jaketi lake lote, na hakumwachia mpaka msichana akanitazama juu ya bega lake na kuniuliza kwa kidole kimoja kama ataruhusiwa kupumua.

Orozaly alitupeleka kwake. Mkewe akatuvika nguo zake na kutuzungushia bakuli za chai. Tukampigia Sagynbek, akafika na Chynara na mtoto kwa gari la watu. Aliingia mlangoni, akamwona mdogo wake, akakaa palepale kizingitini, mahali ambapo kwa desturi yetu hapakaliwi, na hakuna aliyemkemea.

Majirani walikuja, kama ilivyo. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alitutazama tukiongea kwa mikono, akatikisa kichwa. "Msichana mzuri hivi," akasema, "na ni bubu. Mungu ana mambo yake."

Hakukusudia ubaya. Nilitazama bakuli langu, nikasubiri mama mkwe aifunike ile mikono, maana watu walikuwa wanatazama kwelikweli, chumba kizima.

Mama mkwe akaweka chai chini. "Baba," akamwambia yule mzee, kwa heshima kabisa, "huyu ni Kanyshai binti Temirkul, mjukuu wangu. Leo aliona peke yake kwamba tunazama, akatuambia tumkate atupwe ziwani ili mtoto mdogo aishi. Kisha akamleta mwanangu nchi kavu, mwanangu ambaye alikuwa anatazama nyuma. Wewe na mimi tunazo sauti. Zingetusaidia nini?"

Mzee akavua kofia. Kanyshai akanivuta mkono: wanasema nini? Nikamwambia yote, ya mzee na ya bibi.

"Mwambie mzee sijakasirika," akasema. "Mwambie Bibi asante. Na mwambie kwamba pale juu ya lori, kila aliposema mchanga, alikuwa anasema supu. Nilipompasha Baba, alidhani tunaitwa kula."

Nikatafsiri kama ilivyo. Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta macho, na mzee akacheka, na mke wa Orozaly akaenda kuongeza maandazi. Kisha mama mkwe akasogea karibu na Kanyshai, akanyoosha mikono yake mbele ya watu wote, akataka aonyeshwe mchanga unavyosemwa. Alikosea mara nyingi. Mzee mwenye kofia naye akajaribu.

Mashua ya jirani tulilipa kasia, na Sagynbek akaja mwenyewe kuifunga upya mbavu. Boti yake anayo bado. Ila sasa hatoki mpaka amempigia Temirkul kumuuliza habari za magharibi, na akiwa na Kanyshai humuuliza yeye, kwa mikono, vibaya sana, na binti yangu hajamwambia lile jina lake la mikono lina maana gani.

Mwezi wa tisa mimi na Temirkul tulimrudisha shuleni. Mwalimu wao alikuwa amesikia, akamwomba Kanyshai asimulie mbele ya wenzake. Tulikaa nyuma ya ukumbi kwenye viti vidogo. Mimi nimesikia hadithi nyingi maishani, za milimani na za harusini, lakini sijaona inayosimuliwa vile. Aliufanya upepo kwa mashavu na mabega. Aliifanya kamba ikikaza. Alimfanya bibi yake akitambaa na kisu, na ukumbi mzima wa watoto ukainama mbele. Kisha akaanza kumfanya baba yake: nyusi zile, meno yale, jinsi mtu anavyoonekana akitaka kusema "kushoto wapi?" na hana mkono wa kusemea. Watoto wakaanguka kwa kicheko, wakapiga sakafu kwa miguu mpaka tukauhisi mtikisiko kwenye viti.

Nilimtazama mume wangu kuona kama ameudhika. Alikuwa mwekundu hadi masikioni. Akasimama, jitu zima katikati ya watoto, akatembea hadi mbele, akakaa kwenye kiti mbele ya binti yake akiwapa wote mgongo, akashika makasia ambayo hayapo. Kanyshai akatikisa kichwa, akamgeuza kiti ili watoto wauone uso wake. Kisha wakaanza tena tangu mwanzo, wakiwa wawili.